Mshipi wa Kuvulia Samaki: Jinsi ya Kuuchagua

Jioni ya leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo ambacho watu wengi hukinunua bila kukitazama mara mbili, nacho ni mshipi wa kuvulia samaki. Mtu hutumia siku nzima kutafuta ufito ulionyoka na kuchimba nyungunyungu wanono. Lakini mshipi huutwaa wowote aliopewa dukani. Kumbe mshipi ndio kitu pekee kinachomfunga mvuvi na samaki wake. Ukikatika huo, vyote vingine havina faida.

Siku moja tulisimama ukingoni mwa mto pamoja na kijana wa shule. Ufito wake ulikuwa mzuri na ndoana yake kali. Tangu asubuhi samaki walikuja, wakakizunguka chambo, kisha wakaenda zao, kwa maana maji yalikuwa maangavu na mshipi wake ulikuwa mnene mno. Ilipofika adhuhuri akaubadili, akafunga mshipi mwembamba ambao ulikuwa umewekwa dirishani penye jua mwaka mzima. Mara samaki mkubwa akashika. Kijana akavuta kwa nguvu, na mshipi ukakatika pale pale penye fundo. Alikuwa amekusudia kumwuza samaki yule apate madaftari ya muhula. Basi akarudi nyumbani mikono mitupu.

Asubuhi alikosa kwa sababu ya unene, na mchana alikosa kwa sababu ya udhaifu. Hapo ndipo lilipo swali letu la leo: mshipi uwe mwembamba kiasi gani, na bado tuweze kuuamini?

Maji yetu ya Songwe

Mkoa wa Songwe, uliomegwa katika Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, una maji ya namna nyingi. Wanafunzi wajue ya kwamba iko mito miwili iitwayo Songwe. Mmoja hushuka kaskazini ukaingia Ziwa Rukwa. Wa pili hupita mpakani mwa Tanzania na Malawi, ukaenda zake Ziwa Nyasa. Mto Momba nao humwaga maji yake Rukwa. Ziwa Rukwa halina mto utokao ndani yake, kina chake ni kifupi, na maji yake ni ya tope. Lakini vijito vya milimani, hasa wakati wa kiangazi, huwa vyeupe hata waweza kuhesabu mawe ya chini.

Jambo hili ni la maana sana katika kuchagua mshipi. Penye maji ya tope samaki hauoni mshipi, wala hapana haja ya kutumia fedha nyingi kununua uzi usioonekana. Penye maji maangavu samaki huona, naye hujihadhari. Kwa hiyo kabla hujaenda dukani Tunduma au Vwawa, jiulize kwanza: maji nitakayovua ni ya namna gani, nami namtaka samaki yupi?

Mfano wa samaki besi

Wako wavuvi wengine ambao wameichunguza habari hii ya mshipi mwembamba kwa bidii nyingi, nao ni wale wavuao samaki besi wa kinywa kikubwa. Samaki huyu asili yake ni Marekani. Mwaka 1929 aliletwa katika Ziwa Naivasha, nchi ya Kenya, ili watu wapate kumvua kwa mchezo. Besi huwinda kwa macho; hujificha penye majani ya maji, akangoja, akaruka. Lakini akiisha kuona vyambo vingi huwa mwerevu, na chambo kikubwa chenye mshipi mnene humfukuza badala ya kumvuta.

Basi wavuvi wa besi walibuni uvuvi wa upole. Hutumia ufito mwepesi wenye ncha laini, ndoana ndogo, na chambo cha bandia ambacho uzito wake ni gramu mbili au tatu hata tano tu. Chambo chepesi namna hii hakiwezi kutupwa mbali kwa mshipi mnene, kwa kuwa mshipi wenyewe hukizuia hewani, na majini hukishikilia kisizame kama kitu kilicho hai. Kwa hiyo hawana budi kutumia mshipi mwembamba. Na huo hawawezi kuuchagua kwa kubahatisha.

Mafunzo yao yatufaa hata sisi tumtafutao perege kijitoni. Perege mkubwa hula kwa kuonja. Akisikia uzito wowote usio wa kawaida hukitema chambo mara moja.

Gurudumu lenye bobini

Wavuvi hao hutumia gurudumu la kukunjia mshipi ambalo bobini yake haizunguki mshipi unapotoka. Mwanzo wake ni jambo la ajabu kidogo. Mwaka 1905 Mwingereza mmoja, Illingworth, mwenye viwanda vya nguo, alipata hati ya serikali ya kuulinda uvumbuzi wake. Kiwandani alikuwa ameona jinsi uzi unavyotoka upesi na kwa urahisi juu ya ncha ya bobini iliyosimama tuli, naye akaipeleka akili hiyo mtoni.

Faida ya bobini ya namna hii ni kwamba hata chambo chepesi huutoa mshipi bila shida. Hasara yake ni kwamba mshipi hutoka kwa kujizungusha, na ukiwa mgumu hujikunja kama masika ya saa na kufanya mafundo. Kwa hiyo mshipi wa gurudumu hili sharti uwe laini, tena usiwe mnene.

Namna tatu za mshipi

Zamani wazee wetu walisokota mishipi kwa nyuzi za mimea na kwa pamba, na huko Ulaya walitumia hariri na kitani. Mwaka 1935 Wallace Carothers na wenzake, katika kampuni ya DuPont huko Marekani, walitengeneza nailoni, na tangu hapo mambo yakabadilika. Siku hizi mishipi iliyo mingi ni ya namna tatu.

Namna ya kwanza ni nailoni ya unyuzi mmoja. Bei yake ni nafuu, ni laini, na fundo lake hushika vizuri. Ukiivuta hunyooka kama mpira kidogo, kisha hurudi. Na tabia hiyo humsaidia mvuvi, maana samaki akishtuka ghafula mshipi hulegeza mshtuko ule. Lakini nailoni hunywa maji, na ikiisha kulowa nguvu zake hupungua. Kadhalika jua huiharibu pole pole. Mshipi uliokaa dirishani waweza kuonekana mzima, na kumbe umeoza ndani.

Namna ya pili ni florokaboni, ambayo Wajapani wa kampuni ya Kureha walianza kuifanya kuwa mshipi mwaka 1971. Kwa macho hufanana na nailoni, lakini hupitisha nuru karibu kama maji yenyewe, na kwa hiyo samaki huiona kwa shida. Tena ni nzito kuliko nailoni, huzama upesi, wala hainywi maji. Hustahimili kusuguliwa na mawe. Lakini ni ngumu zaidi, na ukiijaza katika bobini ndogo hutoka kwa mikunjo mingi. Bei yake pia ni kubwa.

Namna ya tatu ni uzi wa kusuka, uliofanywa kwa nyuzi nyembamba sana za plastiki yenye nguvu nyingi. Kwa unene ule ule, uzi huu hushinda nailoni kwa mbali. Ni laini mno, haujikunji, wala haunyooki karibu kabisa. Kwa hiyo samaki akigusa tu, mkono husikia. Lakini huonekana majini kama uzi wa cherehani, huteleza katika fundo lililofungwa vibaya, na ukivutwa kwa mkono mtupu hukata vidole kama wembe. Mtu asiuzungushe mkononi hata kidogo.

Je, ni upi ulio bora? Jibu letu ni kwamba hapana ulio bora kwa kila kazi. Wavuvi wengi wa besi huunganisha namna mbili: hujaza bobini uzi mwembamba wa kusuka, kisha mwishoni hufunga kipande cha florokaboni chenye urefu wa mita moja na nusu au mbili. Uzi wa kusuka huleta habari mkononi, na kile kipande humficha mvuvi machoni pa samaki. Lakini mtu mwenye fedha kidogo asisikitike. Nailoni nzuri ya unene wa milimita 0.20 hivi, ikiwa mpya, huvua samaki vizuri sana kwa gurudumu hili.

Unene na nguvu

Hapa twapenda wanafunzi wachukue kalamu. Watu hufikiri kwamba mshipi wenye unene mara mbili una nguvu mara mbili. Sivyo. Nguvu ya mshipi hufuata eneo la pale unapokatwa, na eneo huongezeka kwa unene kuzidishwa kwa unene. Kwa hiyo ikiwa nailoni ya milimita 0.20 huchukua kilo 2 na nusu, nailoni ya jinsi ile ile yenye milimita 0.40 itachukua karibu kilo 10, wala si kilo 5. Basi mtu akiongeza unene kidogo tu, hupata nguvu nyingi; na akipunguza kidogo, hupoteza nyingi vile vile.

Aghalabu kibandiko cha dukani hutaja nguvu kwa ratili za Kiingereza. Kilo moja ni ratili 2 na sehemu mbili za kumi. Basi mshipi wa ratili 6 ni wa kilo 2.7, na wa ratili 8 ni wa kilo 3.6.

Wala usidhani ya kuwa samaki wa kilo 4 hawezi kuvuliwa kwa mshipi wa kilo 3. Samaki akiwa majini, maji humbeba. Kinachokata mshipi ni mshtuko, na haraka ya mvuvi. Mwenye ufito laini na moyo wa subira huweza kumchosha samaki mkubwa kwa mshipi mdogo. Lakini asimwinue juu kwa mshipi. Amvute hata penye maji machache, kisha amtie katika wavu wa mkono.

Jaribu la ndoo

Kibandiko husema neno moja, na mshipi huweza kusema jingine. Basi twawapa jaribu ambalo kila mtu aweza kulifanya nyumbani kwake.

Kata kipande cha mshipi kama mita mbili, ukiloweke katika maji usiku kucha. Asubuhi zungusha ncha moja mara sita au zaidi katika tawi nene lililo laini, ndipo ufunge. Ncha ya pili ifunge katika mpini wa ndoo tupu, kwa fundo lile lile ulitumialo kwa ndoana. Ndoo iwe juu ya ardhi kwa kadiri ya shibiri moja tu, nawe weka miguu yako mbali. Kisha mimina maji nusu lita kwa nusu lita, pole pole, ukihesabu. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Mshipi ukikatika, jumlisha maji yote pamoja na uzito wa ndoo, ambao umekwisha kuupima katika mizani ya dukani. Hiyo ndiyo nguvu ya kweli ya mshipi wako, ukiwa umelowa, tena ukiwa na fundo.

Usishangae ukiona mshipi ulioandikwa kilo 4 umekatika kwa kilo 3. Ukikatika penye fundo, rudia kwa fundo jingine, ukatazame tofauti. Ukikatika katikati kwa uzito mdogo, mshipi huo umeharibika. Usiutie tena ndoana. Kijana yule wa mwanzo, kama angalifanya jaribu hili usiku uliotangulia, angalilala na madaftari yake.

Fundo, breki na bobini

Fundo moja lafaa kwa namna zote tatu. Kunja mshipi uwe maradufu, upitishe kitanzi chake katika tundu la ndoana, ukafunge fundo la kawaida bila kukaza. Kisha pitisha ndoana yote ndani ya kitanzi kile. Lilowe fundo kwa mate au maji, ukavute pole pole hata likaze. Kulilowesha si mchezo. Mshipi mkavu ukikazwa kwa ghafula hupata moto kwa kusuguana, na moto huo huuunguza mahali usipopaona.

Gurudumu lina breki, ambayo huuachilia mshipi samaki akivuta kupita kiasi. Breki na ifungwe ili iachie kwa sehemu moja ya tatu ya nguvu ya mshipi, au kwa robo yake. Ikiwa mshipi wako umechukua kilo 3 katika jaribu la ndoo, tundika chupa ya lita moja iliyojaa maji, ukalegeze breki hata chupa ianze kushuka taratibu. Hapo umepata kipimo.

Unapojaza bobini, usiijaze hata ukingoni. Acha kama milimita mbili. Ikijazwa mno, mshipi hutoka kwa matonge. Ikiwa pungufu mno, chambo hakiendi mbali. Weka bobini ya dukani chini imelala, ukazungushe mpini mara kumi, ukalegeze mshipi na kuutazama. Ukijipinda, igeuze bobini ile ya dukani upande wa pili. Na kama watumia uzi wa kusuka, tia kwanza mizunguko michache ya nailoni chini yake, maana uzi huo huteleza juu ya bobini.

Samaki wa kila mahali na mshipi wake

Sasa tutoe shauri kwa kifupi. Kwa perege wa maji maangavu, twaa nailoni ya milimita 0.18 hata 0.22, na ndoana ndogo. Kwa kambale, shauri ni jingine. Kinywa chake kina meno madogo yanayosugua kama tupa, miiba ya mapezi yake ni mikali, naye hupenda tope na mizizi ambako hauoni mshipi. Kwake huyo twaa nailoni ya milimita 0.40 au zaidi, wala usione haya.

Wale wasio na gurudumu, wavuao kwa mkono, nao waitumie nailoni iliyo nene kidogo. Mkono hauna ncha laini kama ya ufito. Basi kunyooka kwa nailoni ndiko kutakakopunguza mshtuko, na unene wake utavilinda vidole. Uzi wa kusuka haufai kwa mkono.

Kila baada ya samaki wachache, pitisha mita ya mwisho ya mshipi katikati ya vidole viwili. Ukisikia ukwaruzo, kata kipande hicho, ukafunge upya. Ni hasara ya senti chache. Jioni weka mshipi ndani ya nyumba, mahali penye giza na ubaridi.

Maneno mawili ya mwisho. La kwanza: mshipi uliokatwa usiutupe majini wala ukingoni. Nailoni haiozi upesi kama kamba ya mmea. Hukaa miaka mingi, ikinasa ndege, samaki na miguu ya ng'ombe. Ukunje, urudi nao nyumbani. La pili: Ziwa Rukwa lina mamba. Hapana samaki mwenye thamani ya mguu wa mtu. Mshipi ukikwama penye matete, uukate uende zako; usiingie majini kuufuata. Na kabla ya kuvua mahali papya, mwulize afisa uvuvi wa wilaya kama maji hayo yamefunguliwa kwa uvuvi, na kama kibali chahitajika.

Wazee walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mvuvi naye sharti ainame juu ya ndoo yake ya maji usiku mmoja kabla ya kwenda mtoni. Atwae mshipi mwembamba kuliko yote ambayo ameijaribu kwa mkono wake mwenyewe, ikiwa imelowa, tena ikiwa na fundo. Usio mwembamba kuliko huo, wala mnene kuliko haja. Akifanya hivyo, samaki akishika hatakuwa na hofu.